Mnyama Anayeombwa: Mjadala wa Nyaramba

Swali lililoletwa Nyaramba na kijana anayefanya kazi Göteborg, Uswidi, ni hili: mtu akimwomba mnyama mkali wa porini kama mungu wake, tumhesabu vipi? Kijana anasema ana mwenzake kazini, Mswidi wa kuzaliwa, ambaye jioni fulani huwasha mshumaa, humwaga pombe ya asali ardhini na kumwomba Fenrir, yule mbwa mwitu mkubwa wa masimulizi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini. Hapa kwetu Mugirango Kaskazini, katika kaunti ya Nyamira nchini Kenya, ambako kila kilima kina kanisa na kila ukoo una mnyama wake, habari kama hiyo haipiti bila mabishano.

Mabishano yenyewe nimeyapanga kwa sauti nne: kijana huyo, mchungaji wa Kilutheri, mwalimu mstaafu wa historia, na bibi mmoja ambaye wote wanamwita Magokoro kwa umri wake na kwa heshima yake. Sauti nimezibuni, hoja zao sikuzibuni. Ndizo zinazobishaniwa kwenye matanga, kwenye vituo vya kupimia majani chai na ndani ya matatu za kwenda Sondu. Mimi mwandishi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Niwape kwanza hadithi yenyewe, ndipo mnihukumu. Fenrir ni mtoto wa Loki, yule mjanja wa miungu, na jitu la kike liitwalo Angrboða. Ana ndugu wawili: nyoka anayeizunguka dunia baharini, na Hel, bibi wa makao ya wafu. Miungu walitabiriwa kwamba watoto hao watawaletea msiba. Nyoka akatupwa baharini, Hel akapelekwa chini, lakini mbwa mwitu wakamlea nyumbani kwao. Akakua hata ikawa ni mmoja tu, Týr, aliyethubutu kumpelekea chakula. Wakaamua kumfunga. Minyororo miwili ya chuma aliikata. Ndipo vibete wakatengeneza utepe laini kama hariri, uitwao Gleipnir, kwa vitu sita visivyopatikana: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Fenrir akashuku. Akasema atakubali kufungwa iwapo mmoja wao atatia mkono kinywani mwake uwe dhamana kwamba watamfungua. Wakatazamana. Týr akautia wake. Utepe ukakaza, mbwa mwitu akashindwa kujinasua, miungu wakacheka. Týr hakucheka, maana mkono wake ulikuwa umekwenda.

MAGOKORO: Ngoja hapo, mjukuu wangu. Walimwapia huku wanajua watavunja?

KIJANA: Walijua, Magokoro. Na imetabiriwa kwamba siku ya mwisho wa dunia yao Fenrir atajifungua, atammeza Odin, mkubwa wa miungu, kisha mtoto wa Odin aitwaye Víðarr atamuua.

MAGOKORO: Basi sishangai. Sisi tulikuwa na emuma. Watu wakigombania mpaka wa shamba na kila mmoja anasema ni wake, walikula kiapo, na aliyeapa uongo hakuhitaji askari. Mabaya yaliingia nyumbani kwake yenyewe, yakamfikia yeye na watoto wake. Hao miungu walikula emuma ya uongo. Waliliwa kwa sababu hiyo.

MCHUNGAJI: Magokoro, nakuheshimu, lakini tusiruke haraka kutoka kwenye kusikiliza hadithi hadi kwenye kuikubali dua. Mimi hadithi siizuii. Ninachokataa ni magoti. Mtu anayepigia magoti kiumbe amekiweka kiumbe mahali pa Muumba, na hilo kwangu halina njia ya mkato. Tena nawaambia jambo linaloniumiza. Mwaka 1948 wamishonari wa Kiswidi walianzisha kazi Itierio, karibu na mji wa Kisii. Baadaye wakaja Wanorwe na Wafini. Chuo chetu cha theolojia kiko Matongo, ndani ya Nyamira hii hii. Watu ambao wazee wao waliwaacha Thor na Odin karibu miaka elfu moja iliyopita ndio waliotuletea sisi Injili ya Luther. Leo kijana wetu anakwenda kwao kutafuta riziki, anarudi na habari za mbwa mwitu.

MWALIMU: Hata safari ya Injili imegeuka, Mchungaji. Mwaka 2005 askofu wenu Walter Obare alitoka Kenya akaenda Göteborg, akamweka wakfu Arne Olsson kuwa askofu wa Walutheri wa Uswidi waliotofautiana na kanisa lao.

MCHUNGAJI: Alikwenda, na alikuwa na haki ya kwenda. Waliomba msaada kwa ndugu.

MAGOKORO: Walitofautiana juu ya nini?

MWALIMU: Juu ya wanawake kuwa wachungaji, Magokoro. Hao walikataa.

MAGOKORO: Haya. Endeleeni.

MWALIMU: Mimi naanza na ushahidi. Karibu yote tunayoyajua ya kufungwa kwa Fenrir yametoka kwa Snorri Sturluson, mwanasiasa na msomi wa Aisilandi aliyeandika kitabu chake takriban mwaka 1220. Aisilandi ilikuwa imeupokea Ukristo kwenye mwaka 1000. Kwa hiyo aliyetuhifadhia habari za mbwa mwitu ni Mkristo, aliyeandika zaidi ya miaka mia mbili baada ya watu wake kubatizwa. Na hatuna ushahidi thabiti kwamba watu wa kale walimwomba Fenrir. Walimwomba Thor, walimwomba Odin, walimwomba Freyr. Mahali pengi kule bado panaitwa kwa majina yao. Fenrir walimwogopa. Kisiwani Man kuna jiwe la msalaba, msalaba wa Thorwald, limechorwa upande mmoja Odin mguu wake ukiwa kinywani mwa mbwa mwitu, na upande wa pili mtu ameshika msalaba na kitabu. Waliochonga walimtumia mnyama kusema kwamba zama za miungu wale zimekwisha. Kwa hiyo rafiki yako, kijana wangu, anadhani anarudi kwenye dini ya mababu zake, kumbe anafanya jambo ambalo huenda mababu zake hawakulifanya kamwe.

KIJANA: Analijua hilo, Mwalimu. Aliniambia mwenyewe kabla yako. Dini hiyo katika sura yake ya leo imeanza juzi: Aisilandi mwaka 1972, pale mkulima na mshairi Sveinbjörn Beinteinsson na wenzake walipounda Ásatrúarfélagið, na serikali ikawatambua mwaka uliofuata. Sasa wana waumini waliosajiliwa zaidi ya 5,000 katika nchi yenye watu wasiofika laki nne. Uswidi walijiunga pamoja mwaka 1994. Tena hata ndani yao wapo wanaosema Fenrir haombwi, kwamba huyo ni adui wa miungu. Rafiki yangu ni mmoja wa wachache ndani ya wachache. Lakini upya si uongo. Misheni ya Itierio nayo ilikuwa mpya mwaka 1948.

MCHUNGAJI: Nyumba ilikuwa mpya. Ujumbe haukuwa mpya.

KIJANA: Nimesikia. Sasa mniulize anaomba nini.

MWALIMU: Anaomba nini?

KIJANA: Hamwombi mali, wala adui zake wafe. Alipigwa sana utotoni na mtu aliyekuwa anatakiwa kumlea. Alikua na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Kanisani aliambiwa asamehe, na hakuweza. Alipoisoma hadithi ya mnyama aliyelelewa na watu waliomwogopa, akafungwa kwa hila na wale wale aliokula mikononi mwao, aliona mtu wa kuzungumza naye. Anachoomba ni nguvu ya kukaa na hasira yake bila kumng'ata mtoto wake. Maneno hayo ni yake.

MWANDISHI: Hapa naingilia. Katika yote niliyosoma juu ya dini za Ulaya ya Kaskazini, sikupata sababu ya kumwomba Fenrir inayonigusa kama hii, na haimhitaji Snorri kuithibitisha. Hoja ya Mwalimu ni ya kweli na bado haimjibu mtu huyu. Historia inaweza kumwambia kwamba mababu zake hawakuomba hivyo. Haiwezi kumwambia afanye nini na mikono yake usiku mtoto anapolia.

MCHUNGAJI: Mwandishi, mimi nalia naye mtu huyo. Lakini sikiliza alichokichagua. Amechagua mnyama ambaye mwisho wa hadithi anaharibu kila kitu. Hasira inayoombwa kila jioni inalishwa kila jioni. Anayetaka kutomng'ata mtoto wake anatafuta msaada kwa anayeng'ata?

KIJANA: Mchungaji, kwani Biblia haina wanyama wakali? Benyamini ameitwa mbwa mwitu na baba yake mwenyewe, Mwanzo 49. Yuda ni simba, na Ufunuo unamwita Kristo Simba wa kabila la Yuda.

MCHUNGAJI: Ni mifano. Hakuna Mwisraeli aliyemchinjia simba mbuzi.

MAGOKORO: Na sisi hatukumchinjia chui.

Wote walinyamaza kwa Magokoro, na mimi nawaomba wasomaji wafanye hivyo hivyo, maana jambo lenyewe limelala hapa.

MAGOKORO: Nimewasikia watu wakisema wazee wetu waliabudu wanyama. Watoto wa shule huniletea maneno hayo kutoka vitabuni. Si kweli. Abagirango wana engo, chui. Abanchari wana engubo, kiboko. Ababasi wana pundamilia. Abasweta wana nyani. Hapa Nyaramba tumeolewa huku na huku mpaka damu zimechanganyika, lakini kila nyumba inajua ya kwake. Hakuna aliyemwomba chui ampe mvua. Aliyeombwa ni Engoro, aliyeumba. Jua, erioba, lilitazamwa asubuhi kwa maneno ya baraka. Chisokoro, wazee waliokufa, walikumbukwa kwa damu ya mbuzi na kwa pombe ya wimbi, hasa walipokasirika. Chui hakuombwa. Chui aliachwa.

KIJANA: Aliachwa vipi, Magokoro?

MAGOKORO: Humuui. Humli. Jina lake hulichezei. Mtu wa chui akimkuta chui njiani hupita mbali, na akiona wengine wamemuua hasimami kucheka. Ndiyo kazi yote. Mnyama hakukupa kitu, alikunyima. Na mkikutana na mtu wa nchi nyingine anayemwacha mnyama huyo huyo, mnajuana kuwa ndugu.

MWALIMU: Ndivyo ilivyo ng'ambo ya ziwa pia. Baganda wana ukoo wa Ngo, wa chui, na kila ukoo una muziro wake. Jambo la kwanza ambalo mtoto anafundishwa juu ya muziro wake ni kutoula.

MCHUNGAJI: Basi Magokoro amenisaidia. Hapakuwa na kuabudu mnyama hapa.

MWALIMU: Usikimbilie huko, Mchungaji. Palikuwa na Mumbo.

Neno hilo Nyaramba haliachi mtu amekaa kama alivyokuwa. Namwachia Mwalimu nafasi, kwa sababu bila Mumbo tutadanganyana kwamba mambo ya Uswidi ni mageni kabisa kwetu.

MWALIMU: Mwaka 1913, kule Alego, Mjaluo aitwaye Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa alitoka ziwani, akammeza, kisha akamtapika akiwa hai. Nyoka huyo aliitwa Mumbo. Alijitangaza kuwa mungu ambaye makao yake ni mawili, ziwani na juani. Ujumbe wake ulikuwa wazi: dini ya Wazungu imeoza, Wazungu wenyewe watatoweka, wafuasi wasinyoe nywele, wavae ngozi, wachinje mifugo yao na waache kulima, kwa kuwa Mumbo mwenyewe atawapa chakula na ng'ombe. Kufikia 1914 habari hizo zilikuwa zimeingia Gusii, nchi yetu. Kumbukeni hali ya watu wetu. Waingereza walikuja na bunduki 1905. Mwaka 1908, Otenyo wa Kitutu, aliyechochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya Northcote, na kisasi cha Waingereza kikawa nyumba kuchomwa, mifugo kuchukuliwa, watu kuuawa. Kisha Septemba 1914 Wajerumani wakaingia mji wa Kisii, Waingereza wakaukimbia. Watu wakaona utabiri unatimia mbele ya macho yao, wakaingia madukani na ofisini, wakabeba. Waingereza waliporudi walilipiza tena. Mumbo hakufa hapo. Alichanganyika na matumaini ya kurudi kwa nabii wetu Sakagwa, viongozi wake wakakamatwa na wengine kuhamishiwa mbali pwani, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa bado inampiga marufuku.

KIJANA: Kwa hiyo watu wetu walimwomba nyoka.

MWALIMU: Baadhi yao walimwomba, na mimi siwaonei haya. Dini zilizowafikia zilikuja na mtu yule yule aliyewachomea nyumba. Misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu ni ya 1911, Waadventista wa Nyanchwa walifuata mara moja, na wote waliingia nyuma ya bunduki za 1905 na 1908. Mtu aliyefungwa hivyo atamtafuta mnyama mwenye nguvu kuliko aliyemfunga. Rafiki wa kijana wetu alimpata kitabuni. Onyango Dunde alimpata ziwani.

MCHUNGAJI: Na chakula kilishuka?

MWALIMU: Hakikushuka.

MCHUNGAJI: Ng'ombe waliochinjwa walirudi?

MWALIMU: Hawakurudi.

MCHUNGAJI: Sina la kuongeza.

MWANDISHI: Mimi ninalo. Mchungaji ameuliza maswali mawili sahihi, na jibu lake linauma: Mumbo aliwaambia maskini wateketeze kilichobaki. Watoto waliolala njaa kwa ajili ya ahadi ile hawakuwa Wazungu. Waliompiga marufuku hawakufanya hivyo kwa huruma juu ya watoto hao. Waliogopa kupoteza kodi na utii wa watu. Lakini ubaya wa mtesi hauifanyi dua ya anayeteswa kuwa njema. Mumbo alidai kutoka kwa wafuasi wake mambo mengi, na miongoni mwa yale ninayoyajua sioni moja lililomlinda jirani. Chui wa Magokoro alidai dogo tu, na lile dogo lilimfundisha mtu kwamba kuna kiumbe chenye nguvu ambacho hana ruhusa ya kukigusa. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kuomba na kutoomba.

KIJANA: Rafiki yangu ana lake la kukatazwa. Hapigi kitu kilichofungwa. Mtoto, mbwa, mfungwa, mtu aliyelewa. Anasema hiyo ndiyo amri pekee aliyoipata kwenye hadithi ile.

MAGOKORO: Hiyo ni amri nzuri. Ningemheshimu zaidi kama angemkumbuka yule wa mkono pia.

KIJANA: Týr?

MAGOKORO: Huyo. Wote walijua kiapo ni cha uongo. Mmoja alikubali kulipa. Mnyama alikuwa na haki ya kung'ata, na mtu alikuwa na ujasiri wa kung'atwa. Mkimwomba mmoja na kumsahau mwingine mtabaki na hasira tupu.

MWALIMU: Kuna jambo jingine siwezi kuliacha. Alama za mbwa mwitu na maandishi ya kale ya kule zilibebwa na Wanazi, na hadi leo kuna makundi ya wabaguzi Ulaya na Marekani yanayodai miungu hiyo ni ya damu nyeupe peke yake. Kijana wangu, umefanya kazi kati yao. Dua hiyo ingekupokea wewe?

KIJANA: Swali hilo niliuliza siku ya kwanza. Wengi wa waumini wa Aisilandi na chama cha Uswidi wamewakataa wabaguzi hadharani. Lakini wapo, na nimewaona wamejichora alama hizo mikononi, na nilipowaona nilibadilisha behewa la treni. Rafiki yangu alinialika nyumbani kwake, nikala mezani kwake, mtoto wake amelala mapajani mwangu. Najua nani ni nani.

MWALIMU: Basi hapo una jibu ambalo vitabu havina. Dini ya damu inamwangalia mgeni na kumhesabu. Ukoo wa chui ulimwangalia mgeni na kumuuliza ni mnyama gani asiyemuua, na jibu likilingana alikaa.

Kuna mengine waliyosema ambayo nayapitia kwa haraka. Mwalimu alikumbusha enyabububu, ile sauti ya mnyama asiyeonekana inayonguruma usiku wakati vijana waliotahiriwa wamewekwa ndani, ili kuonyesha kwamba hata sisi tulimfanya mnyama wa kutisha awe mlango wa utu uzima. Magokoro alimkatiza: hayo ni ya nyumba ya wavulana, hayasemwi mbele yake. Mwalimu aliacha, nami nimeacha.

Mchungaji aliuliza kama Waswidi wanaomwomba mbwa mwitu wanamtunza mbwa mwitu wa kweli. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linastahili kusemwa wazi. Uswidi iliwaua mbwa mwitu wake karibu wote, kisha ikawalinda kwa sheria mwaka 1966, wakati walipokuwa wamekaribia kutoweka kabisa. Wakarudi wachache kutoka mashariki, na mwaka 2010 serikali ikaanza tena kutoa leseni za kuwawinda, jambo linalozua ugomvi kila majira ya baridi kati ya wafugaji, wawindaji na watetezi wa wanyama. Sisi tulimmaliza chui bila leseni yoyote. Misitu ya Gusii ilikatwa ikawa mashamba ya mahindi, migomba na majani chai, na mashamba yakagawanywa kwa watoto mpaka hakuna kichaka cha kumficha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na huku Nyamira sheria ilikuta chui amekwisha kupotea. Mtoto wa Mugirango leo anaweza kutaja mnyama wa ukoo wake na asiwe amemwona popote ila kwenye simu.

MCHUNGAJI: Mniruhusu niseme neno la mwisho la upande wangu. Mimi sitamwita Mswidi huyo shetani. Nitamwita mtu aliyejeruhiwa ambaye kanisa lake halikumsikiliza, na aibu hiyo naichukua kama mchungaji. Lakini nikimpata, nitamwambia kuna aliyefungwa kwa hila, akachekwa, na alipopata nguvu hakumeza mtu. Sitaacha kumwambia hilo.

KIJANA: Mwambie, Mchungaji. Atakusikiliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza.

MAGOKORO: Mimi naogopa jambo jingine, nyinyi hamjalitaja. Kijana huyu amesema haya hapa, katikati ya watu. Kesho mtu atasema amerudi na jini la Ulaya. Keshokutwa ng'ombe wa mtu atakufa.

Hakuna aliyemjibu Magokoro, na asingejibika. Mwezi Mei 2008, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, walichomwa moto Kisii kwa kuitwa wachawi. Oktoba 2021, akina mama wazee 4 waliuawa na kuchomwa huko Marani kwa tuhuma hiyo hiyo. Hawakukutwa wakimwomba mbwa mwitu wala nyoka. Nao waliuawa katika nchi ambayo kila kilima kina kanisa. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi ni wa hapa. Tumekaa tukipima dua ya mtu wa Göteborg aliyejikataza kupiga kiumbe kilichofungwa, na katika nchi yetu wenyewe bibi asiyeweza kukimbia amechomwa katikati ya watu wanaosali kila juma.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchungaji ana haki ya kumwita yule Mswidi kwa Kristo, na Mwalimu ana haki ya kumwambia kwamba mababu zake hawakuomba hivyo. Lakini dua, iwe ya Fenrir, ya Engoro au ya Kristo, naipima kwa kile inachomkataza mwenye kuiomba asimfanyie asiye na nguvu. Kwa kipimo hicho Mumbo alishindwa, chui wa Abagirango alifaulu, na mtu wa Göteborg, kwa ushuhuda wa mtoto wake anayelala salama, amefaulu. Sisi bado tuna deni la roho 15 katika matukio haya mawili peke yake.

Nawaomba wachungaji wa Nyaramba, wa Jumamosi na wa Jumapili, walitamke hili madhabahuni kwa maneno yasiyo na mafumbo: hakuna ruhusa ya kumgusa mtu kwa sababu ya anachoomba au anachodhaniwa kuomba. Nawaomba machifu walirudie kwenye mabaraza. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, na cha 26 kinampa haki ya kuishi. Nawe msomaji, ukisikia kijijini kwako jina la bibi linaanza kunong'onwa, nenda nyumbani kwake siku hiyo hiyo, mchana, watu wakikuona, ukakae naye.